Kiapo cha bendera na cha uraia Marekani: maswali yenu

Mwanangu anasoma darasa la tatu Texas. Kila asubuhi wanasimama, mkono kifuani, na kuapa mbele ya bendera. Dini yetu hairuhusu. Atafukuzwa?

Hafukuzwi. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu iliruhusu watoto wa Mashahidi wa Yehova wafukuzwe kwa jambo hilohilo, lakini tarehe 14 Juni 1943, katika kesi ya Barnette kutoka West Virginia, ikageuza msimamo kwa kura 6 kwa 3.

Ila Texas ina utaratibu wake: mzazi ndiye aombaye, tena kwa maandishi. Mwandikie mkuu wa shule barua fupi: jina la mtoto, darasa, tarehe, na kwamba asishiriki kiapo cha bendera ya Marekani wala cha bendera ya Texas. Viapo ni viwili, na wazazi wengi hutaja kimoja tu. Sababu si lazima uieleze. Baki na nakala. Dakika moja ya ukimya inayofuata haimo katika ruhusa hiyo; mtoto anyamaze kama wenzake. Tatizo huja siku ya mwalimu wa muda ambaye hajaiona barua, basi mfundishe mtoto kusema kwa adabu kwamba iko ofisini.

Kule Kenya tuliahidi utii kwa Rais na Taifa. Huku je?

Kiapo hiki cha bendera ya Marekani, cha 1892, hakitaji kiongozi. Kinataja bendera na jamhuri yake. ("Chini ya Mungu" yaliingizwa mwaka 1954.) Hata jeshini mpaka umewekwa: askari wa kawaida huapa kutii amri za Rais kwa mujibu wa kanuni na sheria ya kijeshi, ilhali kiapo cha ofisa hakimtaji Rais kabisa. Ni Katiba tu.

Naomba uraia, ila siwezi kushika silaha.

Fomu N-400, ya kuombea uraia, inauliza mambo matatu: kubeba silaha, kutumikia jeshi bila silaha, na kufanya kazi ya kiraia yenye umuhimu kwa taifa. Mawili ya kwanza unaweza kujibu "hapana" ukiambatanisha maelezo ya imani yako ya dini au msimamo wa kimaadili ulioukita moyoni. Kusema tu kwamba vita fulani ni vibaya hakutoshi. La tatu halina msamaha. Usisubiri siku ya kuapa ndipo useme.

Nina grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu). Nikiandamana kuipinga serikali, nitanyimwa uraia?

Kuipinga serikali si kuvunja utii. Kinacholeta shida ni kukamatwa: N-400 inakutaka utaje kila mara uliyokamatwa, hata kama kesi ilifutwa. Chukua mahakamani karatasi iliyothibitishwa ya hatima ya kesi, kisha uitaje. Kuficha ndiko huponza wengi kuliko kosa lenyewe.

Nikiapa, pasipoti yangu ya nyumbani?

Mkenya anaruhusiwa uraia pacha tangu Katiba ya 2010. Mtanzania mtu mzima anaupoteza wake.