Rejesho la wiki na mahindi ya miezi minne

SWALI: Shikamoo mama. Mi ni mkulima, nalima mahindi kwa jembe la mkono na kuku wachache ninao. Kaja afisa mikopo kutuambia tujipange watano watano, dhamana hatuna ila tunadhaminiana wenyewe kwa wenyewe, na rejesho ni kila wiki, linaanza wiki ya pili tu baada ya kupokea hela. Wenzangu wote wameshasaini nimebaki mimi. Sasa hilo rejesho la wiki ya pili nalitoa wapi wakati mbegu ndo kwanza iko ardhini? Nichukue au niachane nao?

JIBU: Marahaba mwanangu. We umeshajijibu nusu, wengi swali hilo huwa wanakuja nalo mkopo ukishaliwa na kuku wameshauzwa.

Huo mtindo wa watano watano na marejesho ya kila wiki ulipata jina kule Bangladesh. Mwalimu mmoja wa uchumi, Muhammad Yunus, mwaka 1976 alitoa dola kama 27 mfukoni mwake akawakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra, 1983 ikawa benki kamili inaitwa Grameen, na 2006 yeye na hiyo benki wakapewa Nobel ya Amani. Lakini sikiliza, mama aliyemfungua macho Yunus alikuwa anatengeneza viti vya mianzi. Kiti kikiuzwa leo hela iko leo, kwa mtu kama huyo rejesho la wiki linabebeka. Mahindi hayajui kama Jumatano una mkutano wa kikundi! Yanataka miezi mitatu minne mpaka mitano, na hapo mvua iwe imekubali.

Kwa hiyo ukichukua huo mkopo ukauzika wote kwenye mbegu na mbolea, marejesho ya mwanzo utayatoa kwenye mkopo wenyewe, yaani unawarudishia hela yao wenyewe na riba juu, halafu utauza kuku, kuku wakiisha unakimbilia kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, ili ulipe wa kwanza, na ukikwama kabisa wale wanne ndo wanakulipia, hapo hata salamu inakuwa ngumu.

Muulize afisa wako kama wana mkopo wa msimu. Upo, haujatungwa na mimi. Kule Mali kuna taasisi inaitwa Soro Yiriwaso imewahi kukopesha wanawake wakulima mwanzo wa msimu, wanalipa kwa mkupuo baada ya kuvuna. Akisema hawana, basi chukua kidogo ukiweke kwenye kitu kinachotoa hela kila wiki, mayai, maziwa, au mboga za majani ambazo ukishaanza kuchuma unaendelea kuchuma. Mahindi yatafutie hela nyingine, na hapo mi napenda vikundi vya kuweka na kukopa, vile shirika la misaada la CARE walivianzisha na wanawake wa Niger mwaka 1991, mnanunua hisa, mnakopeshana, riba inabaki kwenu. Ila mpange siku ya kugawana hizo akiba na riba iangukie wakati wa kununua mbegu, watu wanapanga wakati wa sikukuu halafu shambani wanaenda mikono mitupu.

Na kwenye riba usidanganyike. Wakikwambia asilimia 20 kwa mwaka uliza inahesabiwa kwenye nini. Kama inahesabiwa kwenye mkopo wote wa mwanzo, ukikopa 100 unarudisha 10 kila mwezi kwa miezi 12, jumla 120, inaonekana ndogo, lakini deni si unalipunguza kila mwezi? Riba haipungui. Ukipiga hesabu kwa deni lililobaki inafika kama asilimia 35 kwa mwaka.

SWALI: Mama mi mkopo nimeshapata, ila mume wangu anautaka wote aongezee hela ya pikipiki, anasema italipa haraka kuliko bustani yangu. Jina kwenye karatasi ni langu. Nifanyeje?

JIBU: Pole mama. Haya si yako peke yako, Bangladesh kwenyewe watafiti waliliona miaka ya 1990, mkopo uko kwa jina la mke, hela anaishika mume, na kwenye mkutano wa rejesho anatafutwa mke. Pikipiki inaweza kulipa kweli, sibishi, ila akiharibu injini mwezi wa pili atakayegongewa mlango ni nani? Kama hela bado unayo nunua vya bustani leo leo, mbegu, dawa, bomba la kumwagilia, mfuko wa mbolea hauongezei mtu pikipiki. Kama ameshachukua sehemu, kaeni na mtu mzima mnayemheshimu wote wawili, aseme mbele yake kila wiki analeta kiasi gani, na hicho kiasi akukabidhi wewe siku moja kabla ya mkutano, si asubuhi ya mkutano.