Kabati la mama: nililitengeneza mpaka nikalipoteza

Mleta mada, umeuliza kama ni ujinga kulilia makochi na kabati vilivyouzwa wakati mnahama nyumba ya wazazi, na kama uichukue ile meza ya kulia iliyobaki ambayo ndugu zako wanaiita takataka. Si ujinga. Meza ichukue. Ila kabla hujaigusa na msasa nisome mpaka mwisho, maana mimi la kwetu nimeliharibu kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwetu kulikuwa na kabati la mbao ya msaji, refu kumpita baba, milango miwili juu na droo tatu chini. Ya katikati ilikuwa mbishi. Ukiivuta hivihivi haiji. Lazima uinyanyue kidogo upande wa kushoto, uirudishe ndani kidogo tu, halafu ndio uivute kwa nguvu. Na ilikuwa lazima ilie. Sauti inaanza nzito, inapanda, inakatika ghafla. Humo mama aliweka chenji, betri, nyuzi na sindano, na biskuti za wageni. Unaona tatizo lilipokuwa. Tulishindana nani ataifungua bila kelele, na kwa miaka yote ile hakushinda mtu. Mama akiwa chumba cha mwisho kabisa alisikia, wala haulizi kuna nini, anataja jina tu. Na alipatia! Nadhani kila mtoto alikuwa na mvuto wake, naye keshaujua.

Alipofariki kabati likaja kwangu, nikasema nalifanyia heshima. Nikaanza na msasa namba 80, nikamalizia na 240. Nikaondoa vanishi yote, pete za vikombe, mikwaruzo, na ile sehemu ya ukingo wa mlango iliyokuwa imeng'aa na kubonyea kwa kushikwa na watu miaka nenda rudi. Droo ya katikati nikaipiga randa mbavuni, nikaisugua mshumaa, ikawa inateleza kama imepakwa mafuta. Juu nikapiga vanishi ngumu ya kisasa, mikono mitatu. Kila aliyeingia alisifia. Mimi nikakaa mbele yake jioni ile, nikaona kabati zuri la mtu mwingine.

Baadaye ndipo nikaanza kujifunza, kama ilivyo kawaida yetu. Fanicha nyingi za zamani zilipakwa shelaki, utomvu unaotolewa na vidudu vidogo na kuyeyushwa kwenye spiriti. Chovya pamba kwenye spiriti, gusa mahali pasipoonekana, nyuma ya mguu kwa mfano. Pakianza kunata, hiyo ni shelaki, na hapo umebahatika, kwa sababu mkono mpya wa shelaki huyeyuka na kushikana na ule wa zamani. Huna haja ya kukwangua hadi kwenye mbao. Pete nyeupe ya kikombe ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi tu, na mara nyingi kitambaa chenye spiriti kidogo sana, kikipitishwa harakaharaka bila kusimama, kinaiondoa. Pete nyeusi ni habari nyingine, hiyo maji yameshafika kwenye mbao. Mimi ningeiacha.

Kuhusu droo niliumia zaidi. Mbao hunywa unyevu na kuvimba kwa upana wake, kwa urefu wa nyuzi zake karibu haibadiliki. Ndiyo maana mbavu za droo hupanda msimu wa mvua zikabana. Mimi niliipiga randa mvua zikiwa zimekolea. Kiangazi kilipoingia mbao zikasinyaa, ikawa inacheza humo ndani kama jino la mtoto. Kama yako inabana, sugua mshumaa kwanza, kisha subiri msimu ubadilike kabla hujatoa hata unyoya mmoja wa mbao.

Miguu ya meza ikiwa imelegea usipigilie msumari. Vitu vingi vya zamani viliunganishwa kwa gundi ya ngozi za wanyama, ambayo hulainika kwa joto na unyevu, hivyo seremala anayejua kazi anaweza kufungua kiungo na kukigandisha upya bila kupasua kitu. Ukishapiga msumari umemfungia mlango. Ukiona vitobo vidogo vya bungua, wale wadudu wanaokula mbao, angalia kama vinamwaga unga mpya. Kama hakuna unga, huenda wenyewe walishahama. Na kama imepakwa rangi, sio vanishi, usiisugue kavu hata kidogo, hasa nyumba yenye watoto. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Marekani waliipiga marufuku majumbani mwaka 1978, kwa hiyo sio habari ya enzi za mababu.

Mdau mmoja hapo juu amesema vya zamani vyote vilikuwa imara, vya leo ni vya kufunga na skrubu. Sikubaliani naye. Vibovu vya zamani vilishakuwa kuni, tunaona vilivyosalia tu. Na kufunga na skrubu hakukuanza jana. Kile kiti namba 14 cha Thonet, watengeneza fanicha wa Ulaya, cha mbao zilizopindwa kwa mvuke, kilitoka mwaka 1859: vipande 6, skrubu 10, nati 2. Viti 36 vilivyofunguliwa viliingia kwenye sanduku la mita moja ya ujazo. Na bado watu wanavililia.

Kwangu kilichopona ni ndani ya droo tu, kwa sababu ya uvivu: sikupasugua wala kupapaka kitu. Ukiitoa ukaingiza uso, kuna harufu ya msaji, chuma cha sarafu na biskuti kwa mbali. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri hapa.

Mwezi uliopita dada yangu alikuja, kifungo kimemtoka, akaomba sindano. Nikamwambia pale pale pa siku zote. Akaenda huku anaongea, hata haangalii. Mkono ukainyanyua kushoto, ukarudisha ndani, ukavuta kwa nguvu ile ile ya utotoni. Droo ikamfuata nzima nzima, betri, nyuzi na sarafu vikamwagika miguuni. Akabaki ameishika hewani.

"Mbona haikulia?" akaniuliza.