Boriti zimelainika nchani: ni mchwa au maji?

Swali: Naishi Lamu, katika nyumba ya mawe tuliyorithi kwa babu. Boriti nne za dari zimelainika pale zinapoingia ukutani, ingawa katikati bado ngumu. Fundi anasema ni mchwa, anataka tung'oe boriti zote tumwage zege. Nifanyeje?

Jibu: Zege lisubiri. Kwanza tegemeza dari kwa nguzo za muda, kisha chukua bisibisi uchome zile ncha. Mchwa huacha vijia vya udongo ukutani na mti hubaki mtupu ndani. Kuvu haileti udongo; mti hupauka, huwa na unyevu, na nyuzi zake huchambuka kama makumbi. Kwa kuwa zako ni mbovu nchani tu, mimi nashuku kuvu.

Kuvu haiozeshi mti ambao unyevu wake uko chini ya asilimia 20. Basi tafuta maji yanakotoka. Tazama paa na mifereji, halafu tazama plasta. Ikiwa ukuta umepigwa saruji, hapo ndipo ningeanzia. Mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji na kuyatoa tena. Saruji huyafungia ndani, na boriti huyanyonya, maana mti hunywa maji kwa haraka zaidi nchani kuliko ubavuni. Nimeona watu wakibadilisha boriti na kuiacha saruji, na mpya zikaoza vilevile.

Bandua saruji hiyo, acha ukuta ukauke kwa miezi kadhaa, kisha upige plasta ya chokaa. Boriti ambayo uozo haujafika mbali hukatwa ncha, ikabebwa na mhimili wa mbao uliolazwa kando ya ukuta. Zege zima ni mzigo ambao kuta hizo hazikujengewa, na sitalikubali bila mhandisi kuzikagua.

Pengine utahitaji boriti mbili mpya, si chumba kizima. Hilo nalijali sana, kwa sababu kila boriti ni mkoko mzima, na chini ya mizizi yake kamba na samaki wachanga hukulia. Muulize muuzaji kibali cha KFS, shirika la serikali la misitu Kenya. Kabla ya kuingiza boriti ukutani, paka ncha dawa ya boroni, na uiachie nafasi ya kidole pande zote ipitishe hewa. Usiizibe kwa saruji.