Re: Mwanangu kasomeshwa ivolushoni, babake hataki kusikia

Waalaikum salaam dada. Nimekusoma, mtoto yuko fomu foo, karudi na maswali ya klasi ya baiolojia, babake kasema ni kufuru na daftari kalichukua. Usimnyamazishe huyo mtoto tafadhali, manake ataenda kuuliza kwengine na huko hujui atajibiwa nini.

Ivolushoni, yaani mageuzi, viumbe kubadilika kidogo kidogo kizazi baada ya kizazi, iko kwenye silabasi, lazima aisome. Na si ya vitabuni pekee, wakumbuka klorokwini, ile chungu tuliyokuwa tukimeza mwili ukiwasha usiku kucha? Ilikuwa ikitibu malaria vizuri, afu vile vijidudu vilivyoweza kuihimili ndo vikabaki vikazaana, mpaka 1998 Kenya ikaiacha kuwa dawa ya kwanza kupewa mgonjwa wa malaria. Hayo ndo mageuzi, tumeyaona wenyewe hapa Pwani, muanzie babake hapo.

Ugumu uko kwa binadamu, kusema naye katokana na viumbe vya kabla yake, sitakuficha. Wako Waislamu wanaosema viumbe vyengine sawa lakini Adam aliumbwa peke yake, na wako wanaokubali yote na swala tano haziwapiti. Kwa Wakatoliki, Papa John Paul wa Pili alisema 1996 kuwa hii nadharia ni zaidi ya dhana tu. Mimi naamini sayansi yaeleza imekuwaje, nani kaumba na kwa nini hilo ni la dini, na sioni vikigombana.

Tafuta ustadh aliyesoma sayansi pia, akae na babake baada ya Isha, mtoto asiwepo. Na daftari arudishiwe leo leo.