Dokta, ugali unakwama

Wiki hii nimechagua barua tatu, zote za kansa. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu zinazofanana nayo nazipata kila mwezi, tena nyingi zinafika zimechelewa.

*Shikamoo dokta. Mimi ni binti, nipo Mafinga. Mzee wangu ana miaka 58. Tangu Pasaka akila ugali anasema unakwama hapa kifuani, anashushia na maji ndo unapita. Tulienda zahanati wakatupa dawa za vidonda vya tumbo, kameza miezi miwili, tukarudi wakaongeza nyingine. Sasa hivi ugali hawezi kabisa, ni uji tu, na mkanda wa suruali kautoboa matobo mawili mapya kwa msumari wa moto. Shangazi anasema karogwa. Mzee ni mtu wa chai ya moto kwelikweli, ukimmiminia ikiwa haitoi moshi anairudisha jikoni. Inaweza kuwa kansa? Na ni chai ndo imemletea?*

Marahaba mwanangu, pole sana. Kilichonishtua mi ni huo mkanda. Mtu akianza kukwamwa na ugali na nyama, afu baada ya muda hata wali na viazi vinakwama, afu anabaki na uji, na huku anapungua, hiyo njia ya chakula inazibwa kidogo kidogo na kitu, na kwa umri wake ukanda wetu huu lazima kansa ya koo la chakula iwe ya kwanza kufikiriwa. Vidonda vya tumbo vinachoma, vinaunguza, ila havimfanyi mtu ashindwe kumeza tonge. Sisemi anayo, sijamwona. Nasema msimalize pakiti nyingine ya dawa za vidonda kabla hajapimwa.

Kipimo chenyewe ni kamera. Anapuliziwa dawa ya ganzi kooni, anapitishiwa mpira mwembamba wenye kamera mbele, daktari anaangalia njia yote mpaka tumboni, na akikuta uvimbe ananyofoa vinyama vidogo vya kupeleka maabara. Haichukui muda mrefu na mzee hakatwi popote. Muombe rufaa, na kabla hamjapanda basi pigeni simu hospitali mnayopelekwa muulize kamera inafanya kazi na siku gani wanapima, maana kumsafirisha mtu anayeishi kwa uji halafu mkaambiwa njooni Alhamisi, jamani.

Sasa chai. Mwaka 2016 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliviweka vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha kansa ya koo la chakula. Tatizo ni joto, majani ya chai hayana kosa, kwa hiyo watu wa Mufindi msianze kung'oa mashamba. Kule Iran waliwafuatilia watu 50,000 hivi kwa miaka, wakakuta wanaokunywa chai ya nyuzi 60 kwenda juu, tena nyingi, mililita 700 au zaidi kwa siku, hatari yao ilikuwa juu kwa karibu asilimia 90 kuliko wanaokunywa kidogo na iliyopoa. Kwetu pia wamepima, huko Kilimanjaro, joto la chai pale mtu anapoanza kuinywa, wastani ukatoka nyuzi 70 hivi.

Nikajaribu mwenyewe na kipimajoto cha jikoni. Maji yetu hapa Mbeya yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95, hayafiki 100 kama ya Dar kwa sababu ya mwinuko, nikadhani basi tuna nafuu. Wapi! Chai niliyomimina kutoka kwenye chupa ilisoma 82, na nilisubiri dakika saba nzima, nikiwa na sweta, ndo ikashuka chini ya 65. Kwa baridi ya Juni nani anasubiri dakika saba?

Lakini usiende kumlaumu mzee kwa kikombe chake. Sigara ipo, pombe ipo, na wapo wanaougua hawajawahi kugusa hivyo vyote. Wewe mpoze tu chai yako na ya watoto.

Majibu yakitoka ni kansa, swali la kwanza kwa daktari ni imefika wapi, na hapo watamfanyia siti skani, picha ya kuangalia ndani ya mwili. Ikiwa haijasambaa na mwili wake una nguvu, kuna tiba ambayo Waholanzi waliitolea matokeo 2012: wagonjwa walipewa kemo, yaani dawa za kuua kansa, pamoja na mionzi kwanza ndo wakapasuliwa, na nusu yao walivuka miezi 49, wakati waliopasuliwa tu nusu yao waliishia miezi 24. Wenye kansa ya aina ambayo ndo inatawala huku kwetu ndo walionufaika zaidi. Ila wale walikuwa watu waliowahi, na hapo ndo roho inaniuma nikisoma barua kama yako.

Akiwa amechelewa bado kuna la kufanya. Kuna kitu kinaitwa stenti, ni kama kibomba cha nyavu za chuma, kinawekwa kwa kamera hapohapo kwenye uvimbe kinatanuka na kufungua njia. Hakiponyi kansa, ila mtu aliyekuwa anatema mate kwenye kopo anaweza kumeza tena ndani ya siku moja mbili. Akiwekewa ale ameketi, atafune mpaka chakula kiwe laini, nyama za mapande asahau. Kwa sasa mnaposubiri, uji uwe na karanga za kusaga na maziwa, na parachichi si mnazo tele huko, ponda na maziwa mpaka iwe nyororo mpe mara tano sita kwa siku, kidogo kidogo. Na kama shangazi anataka maombi au mganga sawa, ila tarehe ya kamera isiguswe.

*Dokta habari. Mama mdogo wangu ana kansa ya mlango wa kizazi, yupo Dar. Tulitegemea aanze mionzi, wanasema atachomwa dripu za kemo kila wiki kwanza, wiki sita. Tunaona kama wanatuchelewesha. Kijana wa Uyole.*

Nzuri kijana. Hawajakosea, hiyo ni njia mpya yenye ushahidi. Oktoba 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wanawake 500, wa Uingereza, Meksiko, India, Italia na Brazili. Nusu walipewa kemo ya kila wiki kwa wiki sita halafu wakaingia kwenye mionzi na kemo ya kawaida, nusu wakaenda moja kwa moja. Baada ya miaka mitano waliokuwa hai ni 80 kwa kila 100 upande wa kwanza, na 72 upande wa pili. Dawa zenyewe ni za zamani, wala hazina bei ya kutisha ukilinganisha na hizi mpya za mamilioni. Madhara yaliongezeka, hasa damu kushuka, kwa hiyo asikose kupimwa damu kabla ya kila dripu.

Ila kwenye ule utafiti mionzi ilianza wiki ya saba, bila pengo. Hilo ndo la kumkazania daktari: muombe tarehe ya mionzi iandikwe sasa hivi, dripu ya sita isije ikaisha mkaanza kupanga foleni upya.

*Dokta, binti yangu wa miaka 10 kachomwa chanjo ya mlango wa kizazi shuleni, mara moja tu. Dada yake zamani alichomwa mbili. Wametupunja? Na wanasema inaharibu uzazi. Mama, Tukuyu.*

Hamjapunjwa mama. Tanzania tulihamia dozi moja 2024, na sehemu ya ushahidi imetoka Mwanza kwetu hapahapa, wasichana 930 wa miaka 9 mpaka 14, waliopata dozi moja walitengeneza kinga karibu wote. Kenya nako dozi moja ilizuia virusi vyenyewe vinavyoleta kansa hii, vinaitwa HPV, kwa asilimia zaidi ya 97. Anayeishi na VVU ndo anahitaji zaidi ya moja, mwambie nesi. La uzazi ni uzushi, tena kansa yenyewe ndo inayong'olesha watu vizazi.

Na wewe umepima lini kansa ya mlango wa kizazi? Ukishafika 30, au 25 kama una VVU, ni haki yako. Kipimo ni cha siki, na siki ni ileile ya kwenye kachumbari, ila imepunguzwa makali kwa kipimo, nesi anapaka kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, anaangalia kama pamegeuka peupe. Peupe si lazima pawe kansa, mara nyingi ni mabadiliko ya mwanzo ambayo yanachomwa siku hiyohiyo unapanda bajaji unarudi nyumbani.