Cheti cha wavu hakitoshi, vuta mota ukutani

Swali: Shikamoo mhandisi. Tunakarabati nyumba ya ghorofa moja Kirumba, Mwanza. Kuta ni za matofali ya kuchoma na zina nyufa. Muuzaji ametuletea wavu wa nyuzi za kioo wa kulaza ndani ya mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga), pamoja na cheti cha nguvu yake. Tuanze kazi?

Jibu: Marahaba, fundi. Msianze. Cheti hicho ni cha wavu mtupu. Ukutani wavu unashikwa na mota, mota inashikwa na tofali, na mara nyingi mshiko huachia kabla uzi haujakatika.

Mdai muuzaji jaribio la ukanda wa mota wenye wavu ndani, na muulize ncha zilishikwaje. Zikibanwa sana, nyuzi hazipati nafasi ya kuteleza na namba inapanda. Zikigundishwa tu kwenye bamba za chuma, nyuzi huweza kuteleza ndani ya mota na namba inashuka. Mimi hupigia hesabu namba hiyo ndogo. Uliza pia kama kioo kina zirkonia, kiambato cha kukikinga, maana kioo cha kawaida huliwa na ukali wa saruji.

Kisha jaribuni hapo hapo kwenu. Bandueni lipu ya zamani, pigeni brashi ya waya, mloweshe matofali yashibe ila uso using'ae maji. Tofali la kuchoma lina kiu: likiwa kavu litanyonya maji ya mota na kuiacha ikiwa unga. Bandikeni eneo dogo, mwagilieni, msubiri siku 28. Kateni duara la mm 50 lipite mota na kuingia kidogo kwenye tofali, gundisheni kitufe cha chuma kwa gundi ya epoksi, mvute taratibu kwa mashine. Kwa duara hilo, kilonewtoni 1 ya kuvuta ni takriban megapaskali 0.5 za mshiko.

Sasa kigeuze kitufe ukitazame. Nawasihi sana mafundi, msiandike namba mkatupa kipande! Kikitoka na tofali jekundu uso mzima, mota imeshika kuliko tofali lenyewe, na mota ghali zaidi haitaongeza kitu. Kikitoka na mota safi isiyo na wekundu, uso haukuandaliwa vizuri. Ukiona alama za vijumba vya wavu, mota haikupenya matundu. Epoksi ikiachia, rudia. Vuteni sehemu kadhaa, hasa chini ukutani, ambako maji ya mlimani hulowesha.

Ila kwanza chunguzeni nyufa zilikotoka. Nyumba nyingi za vilimani kwetu zimekaa nusu juu ya jabali, nusu juu ya kifusi. Wavu husaidia ukuta unaotikiswa na tetemeko la ardhi, kama zilivyotikiswa kuta za Bukoba Septemba 2016, lakini hauzuii msingi kuzama.