"Alikuwa akiwapikia mafundi tu"

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 58, nakaribia kustaafu. Mke wangu wa ndoa ya miaka 27 aliondoka Januari, yuko kwa kaka yake Morogoro. Nyumba ya Kibaha nimejenga kwa mshahara wangu na hati ina jina langu. Yeye alikuwa akiwapikia mafundi tu na kuuza vitumbua vyake. Nimepata mteja, ameshanipa arbuni; nataka kuuza kabla mke hajafika mahakamani. Deni la SACCOS, milioni 9, naona ni haki tugawane nusu kwa nusu. Je, mafao yangu anaweza kuyagusa?
Baba J., Kibaha

Marahaba, baba. Pole, nyumba ya watu wengi ikibaki na mtu mmoja inauma. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama kwenye neno "tu". Mwanamke anaamka saa kumi alfajiri kuchoma vitumbua, mchana anabeba sufuria ya wali maharage kuwapelekea watu wanaochanganya zege, halafu unasema "tu"? Na hela za vitumbua zilikwenda wapi? Hukuandika. Naamini zilinunua unga tarehe 20, mshahara wako ukiwa umeshageuka saruji.

Mahakama ya Rufani ilishalisema hili mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu: kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Jina kwenye hati halikuokoi. Tena Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakukataza kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mkeo, naye bado ni mkeo.

Sasa deni. Bei ya nyumba unaijua, hati unaijua, mteja unaye, lakini milioni 9 zilinunua nini umeruka. Umeruka pia kwa nini mama wa watu aliondoka. Mwenye macho haambiwi tazama. Kama mkopo uliezeka nyumba au ulilipa ada, ni wenu wote. Kama ulikwenda kwingine, ubebe mwenyewe.

Mafao yapeleke kwa mwanasheria, akupigie hesabu sawasawa. Ila kumbuka makato ya mafao hayo kwenye mshahara wako yalipunguza chakula mezani kwake kila mwezi.

Siku hizi watu wanachangisha harusi kwa kadi, kamati na vikao, lakini mume na mke hawakai hata jioni moja kuandika nani kalipa nini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wanawake ndio wanaotoka na begi la nguo. Nimeona wengi mno, inaniuma.

Rudisha arbuni ya watu. Chukua mzee mmoja wa ukoo, mpande basi la Morogoro kabla hamjaitana baraza la usuluhishi la kata. Ukikaribishwa, anza na lile deni: mwambie lilinunua nini.